Bastola ya Mwanamke Anayeinama

Pikapu ya Dovie Stallcup ilikwisha kuvuka reli, na kaka yake Garland bado alikuwa akisema. Dovie alimwona kwenye kioo, amesimama katikati ya barabara mbele ya duka lake la chakula cha mifugo, kofia mkononi, mdomo unakwenda. Maneno yenyewe hayakumfikia tena, wala hakuyahitaji. Alikuwa ameyasikia asubuhi nzima, kati ya magunia ya shayiri na mawe ya chumvi ya ng'ombe.

Dovie alikuwa mvisha farasi viatu. Kazi aliifundishwa na baba yao, na katika pembe ile ya Oklahoma hapakuwa na fundi wa kwato aliyetafutwa kama yeye. Wenye farasi walipiga simu dukani, Garland akapanga nani lini, naye Dovie akapakia fuawe na nyundo zake akaenda kwenye ranchi ambazo ukipiga kelele anakusikia ng'ombe tu. Miaka ilipita hivyo, hakuna aliyeona ajabu. Halafu akatokea Lonnie Kroll.

Lonnie alikuwa akitengeneza nyua za seng'enge. Siku moja alimsalimu Dovie kwenye ranchi fulani, Dovie akaitikia kama mtu yeyote mwenye adabu, na Lonnie akaondoka pale anaamini amekubaliwa. Akaanza kuegesha gari lake jeupe popote Dovie alipokuwa akifanya kazi. Akamwachia maua juu ya boneti. Alipoambiwa aache aliacha maua, akaanza matusi. Juma lililopita alimzibia njia kwenye lango la shamba, akaingiza mkono dirishani na kumkamata shati. Dovie alipandisha kioo mpaka mkono ukatoka wenyewe. Sherifu alisikiliza habari yote, akakuna kidevu, akasema atamwonya.

"Achana na ranchi za mbali," ndivyo Garland alivyosema asubuhi ile. "Baki na farasi wa mjini. Za mbali nampa yule fundi wa kule mji wa Altus."

"Farasi wa mjini wako wanne, na wawili wameshastaafu."

"Utanisaidia hapa dukani."

"Kuuza chakula cha kuku? Garland, mimi na wewe tukikaa nyuma ya kaunta moja mpaka saa sita mchana, mmoja wetu anazikwa."

"Basi beba bastola."

"Bastola ninayo."

"Unayo kwenye droo ya soksi. Mimi nasema uibebe. Mwilini, kazini, na nikuone umeinama nayo. Ukishindwa, mwisho wa juma namwita mtu wa Altus, na usinililie."

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Kulenga Dovie alijua tangu meno ya utoto hayajamtoka. Lakini mvisha farasi viatu kutwa amekunjwa kama kisu cha mfukoni: mguu wa farasi katikati ya mapaja yake, kichwa chini, makalio juu, mikono yote miwili kazini. Na kila mahali watu wanapopachika bastola ni mahali palipobuniwa na mwanamume, tena aliyesimama wima.

Kwa hiyo alipovuka reli hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Bi Oleta Quisenberry.

Bi Oleta alikuwa ameishi maisha yake yote ya kazi akiwa askari jela upande wa wanawake, na baadaye naibu wa sherifu. Sasa alikuwa na miti yake ya njugu za pekani, magoti mabovu, na nyumbu mmoja mzee aliyeitwa Hershel. Alimkaribisha Dovie kwa chai baridi yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko, akamsikiliza, kisha akaenda chumbani akarudi anasukuma sanduku kwa mguu.

Katika pembe ile kila mwanamke anayebeba bastola ana sanduku kama hilo. Ndani mna ala za bastola alizonunua, akazivaa siku mbili tatu, akazichukia. Hazitupwi. Hupita kwa mashoga na mabinti na wake za wajomba kama nguo za mtoto mchanga, na kila moja ina hadithi ya nani aliivaa na ilimtia aibu wapi.

"Kwanza toa risasi," Bi Oleta alisema. "Zote. Ziache hapa jikoni mezani. Na ile ya kwenye mtutu. Haya, nionyeshe."

Dovie alimwonyesha. Bi Oleta akachungulia, akatia kidole, akachungulia tena.

"Sasa vaa aproni yako twende kwa Hershel. Humu ndani utanidanganya. Kila ala inapendeza mtu akiwa amesimama mbele ya kioo."

Dovie alivaa aproni yake ya ngozi, ile ya mafundi wa kwato, iliyopasuka katikati na kufungwa kwenye mapaja, ikabaki imemgandama mbele kama ngozi ya pili. Walianza na ala aliyonunuliwa na Garland, ya kuvaa ubavuni ndani ya mkanda wa suruali. Dovie aliinua mguu wa nyumbu, akauweka katikati ya mapaja, akainama. Kitako cha bastola kikamchoma kwenye mbavu mpaka akatoa pumzi kama mpira uliotobolewa.

"Garland ana kiuno kirefu kama mlango," Bi Oleta alisema. "Sisi Mungu alitukatia kifupi, akaongeza nyonga. Hiyo ni ala ya Garland. Mrudishie."

Wakaisogeza nyuma, juu ya kalio. Safari hii haikumchoma, ila alipoinama shati lilipanda lote, na bastola ikabaki juani.

"Naiona," Bi Oleta alisema. "Hershel anaiona. Jirani yangu ng'ambo ya barabara anaiona, na yule ana mtoto wa jicho."

Walijaribu ya kwapani. Ilining'inia ikampiga Dovie kidevuni kila alipogeuka. Walijaribu ya kifundo cha mguu, na Dovie akaikataa hata kabla ya kumaliza kufunga, kwa sababu hapo ndipo farasi anapokanyaga. Kulikuwa na moja ya kuning'iniza kwenye sidiria, chini ya matiti.

"Hii ilikuwa ya marehemu dada yangu," Bi Oleta alisema. "Inahitaji kitu cha kuning'inizia."

"Bi Oleta, unanitukana?"

"Nakupima tu, mwanangu."

"Na mkoba je? Ule wenye mfuko wa siri."

"Mkoba wako uko wapi sasa hivi?"

Dovie alifikiri. "Kwenye gari."

"Umejibu."

Chini kabisa ya sanduku kulikuwa na mkanda mpana wa lastiki, wa kuzungusha tumboni kwenye ngozi, juu ya kitovu na chini ya matiti, na mbele yake kipande cha plastiki ngumu cha kufunika kifyatuo. Bi Oleta alikisifu kile kipande. Alisema lastiki peke yake ni kitambaa, kidole hupita, funguo hupita, na alikwisha kuona mwanamke aliyejitoboa paja kwa risasi. Dovie aliuvaa. Aliinama. Bastola ilikaa pale mwili unapojikunja kidogo kuliko pengine pote, ikatulia. Lakini joto la mchana lilikuwa kali, lastiki ikabana, jasho likaanza kumtiririka.

"Huu ni mshipi wa bibi yangu," alisema. "Ule aliokuwa anavaa kanisani, akizirai kila Pasaka."

"Bibi yako alizirai kwa sababu ya mhubiri. Zoea siku chache."

Lakini Dovie alikuwa ameshapata wazo lake, na wazo la mtu mwenyewe siku zote ni tamu kuliko la sanduku. Alipiga aproni yake kofi kwenye paja, pale penye mfuko wa kisu cha kwato.

"Hapa," alisema. "Mkono wangu unakuja hapa mara mia kwa siku bila kuambiwa. Nashona mfuko wa ngozi ngumu upande wa pili, wenye kifuniko. Hainichomi, haionekani, hainitoi jasho."

"Aproni inavuliwa."

"Siivui kazini."

"Kila kitu kisichofungwa kwenye nyama ya mtu kinavuliwa."

"Bi Oleta, nimevaa aproni hii miaka mingi kuliko nilivyovaa pete ya ndoa."

"Na pete iko wapi?" Bi Oleta aliuliza. Kisha akanyanyua mikono. "Haya, mama. Wewe ndiye unayeinama."

Dovie aliushona mfuko ule usiku huohuo, kwa uzi wa matandiko ya farasi, mshono wa pande mbili kama alivyofundishwa. Ulikuwa mfuko mzuri. Hata mtengeneza matandiko angeuuliza umetoka wapi.

Kesho yake alikwenda kwa Harl Penninger, mzee mjane mwenye ranchi ya mwisho kabla barabara haijawa vumbi jekundu tupu. Penninger alimfungulia farasi wanane zizini, akampa habari za mvua ambayo haikunyesha, akaondoka na trekta kwenda kukusanya majani nyuma ya kilima. Dovie alianza kazi huku anapiga mluzi. Aliinama, akainuka, akainama. Bastola haikumsumbua hata kidogo. Kufikia farasi wa tatu alikuwa ameisahau, na hilo alilichukulia kuwa ushindi. Alikuwa akitunga maneno atakayomwambia Garland. Alikuwa ametunga na ya Bi Oleta, ya heshima zaidi, lakini yenye pilipili.

Farasi wa nne alikuwa dume changa, wa rangi ya mchanga, ndiyo kwanza anavaa viatu. Alimchukua muda na maneno mengi ya kubembeleza. Alipomaliza kugonga msumari wa mwisho na kulainisha kwa tupa, alifanya kama alivyofanya kwa kila farasi tangu alipokuwa binti wa shule: alifungua aproni, akaitundika kwenye pembe ya fuawe, akashika kamba, akamtembeza farasi njiani ili aone anavyokanyaga.

Hivyo ndivyo baba yake alivyomfundisha. Farasi aliyevishwa lazima umwone akitembea, na humtembezi farasi mchanga huku umevaa aproni, kwa sababu ngozi ile hupiga pata pata kwenye miguu yako naye atadhani anafukuzwa. Dovie alikuwa ameivua mara tatu asubuhi ile, akaiacha pale kwenye fuawe na kwenda zake, na kila mara aliporudi akaivaa bila kufikiri. Aproni ilikuwa ngozi yake. Ndiyo maana hakuona kwamba anaivua.

Aliona alipogeuka mwisho wa njia. Gari jeupe lilikuwa limeingia taratibu kupitia lango la nyuma na kusimama kando ya pikapu yake, na Lonnie Kroll alikuwa ameegemea fuawe, kiwiko chake juu ya ile aproni.

Mikononi Dovie alikuwa na kamba, na mwisho wa kamba palikuwa na kilo mia nne za mnyama asiyependa wageni. Alimpiga farasi shingoni kidogo, akaendelea kutembea kuelekea pikapu yake, si haraka wala polepole.

"Lonnie," alisema. "Umeingia kwenye shamba la watu."

"Nimekuja kukuona unavyofanya kazi. Ni kosa?"

"Ndiyo."

"Una maringo sana kwa mwanamke anayenuka kwato." Alitabasamu. "Kaka yako anasema huji tena huku. Nimesikia dukani. Nikasema, basi nikamuage."

"Umesikia vibaya. Toka kwenye fuawe yangu."

"Au utanifanyaje?"

Dovie alikuwa ameshakaribia. Farasi alimweka kati yake na Lonnie, na jicho lake halikutoka kwenye kile kiwiko. Ikiwa Lonnie angekikandamiza zaidi angehisi kitu kigumu ndani ya ngozi. Ikiwa angehisi, angechungulia.

"Naomba aproni yangu," Dovie alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani.

Alimjua kiasi hicho. Kitu ulichokiomba Lonnie hakupi, anakuchezea nacho. Na kweli, Lonnie aliinyakua kwa kamba zake za juu, akaiinua mbele yake kwa mikono miwili.

"Aproni hii? Njoo uichukue." Akaitikisa kushoto na kulia, ngozi ikapiga pata pata.

Yule farasi mchanga alisimama kwa miguu ya nyuma. Dovie aliachia kamba na kuruka kando. Farasi alishuka, akazunguka, na bega lake likamkumba Lonnie kifuani likamtupa kwenye gurudumu la pikapu, kisha akatoka mbio kurudi njiani na viatu vyake vipya. Aproni ilianguka vumbini. Dovie alikuwa ameikanyaga kabla vumbi halijatulia. Akainama, jambo analolijua kuliko yote duniani, akafungua kifuniko, akatoa bastola na kuielekeza chini mbele ya miguu yake mwenyewe, kidole nje ya kifyatuo.

Lonnie aliitazama, halafu akamtazama Dovie usoni.

"Kaa hapo hapo," Dovie alisema. "Mikono kwenye magoti. Usiponisogelea, hakuna kitakachotokea. Utakaa, utapata jua, na mzee Penninger atakuja."

"Nilikuwa natania, Dovie."

"Mimi sitanii. Kaa."

Alikaa. Dovie alimpigia sherifu simu kwa mkono wa kushoto. Penninger alifika kwanza, juu ya trekta, baada ya kumwona farasi wake akipita peke yake. Alimtazama Lonnie, akamtazama Dovie, akashuka na uma wa majani.

"Huyu ndiye wa seng'enge?" aliuliza.

"Ndiye."

"Ua alilonitengenezea limeshalala," Penninger alisema, akasimama pale mpaka sherifu alipofika. Safari hii sherifu hakukuna kidevu. Lonnie alikuwa shambani kwa mtu bila ruhusa, na mwenye shamba alikuwa tayari kusimama mbele ya jaji na kusema hivyo.

Dovie alimrudisha yule farasi, akamkagua kwato, akavisha waliobaki. Njiani kurudi alikuwa amejikasirikia kiasi cha kuongea peke yake. Bastola ilikuwa karibu kuwa ya Lonnie. Kama si farasi kupaparika, yeye ndiye angeambiwa akae na mikono kwenye magoti.

Alipita kwa Bi Oleta, akamweleza yote bila kuruka lolote. Bi Oleta hakusema nilikwambia. Alisema, "Lastiki ile nimeshaifua. Iko kwenye kamba." Kisha akaongeza, "Vaa fulana nyembamba ya pamba chini yake. Nilisahau kukwambia. Ndiyo inayonywa jasho."

Dovie aliivaa kuanzia jioni ile. Aliivaa akipika, akiosha gari, akiinua magunia, bila risasi kwanza, mpaka mkono wake ukajifunza njia mpya: wa kushoto kuinua shati, wa kulia kuingia. Lastiki ilibana. Akazoea kubanwa. Aliligundua jambo moja ambalo hata Bi Oleta hakulijua: ukiukaza mkanda ule vizuri, mgongo unapata pa kuegemea, na jioni hauumi kama zamani.

Mwisho wa juma Garland alikuja na fundi wa Altus. Hakutaka kumwita kwa simu, alimleta kabisa, kama mtu anayeleta mashahidi. Walimkuta Dovie nyuma ya duka na jike wa kahawia, ameinama, aproni mapajani, shati limepanda kidogo nyuma na kuonyesha upindo wa fulana tu.

"Nimesikia ya kwa Penninger," Garland alisema.

"Umesikia kwamba niliitundika kwenye fuawe nikaondoka?"

Hilo Garland hakuwa amelisikia.

"Nilikosea," Dovie alisema kutoka chini ya farasi. "Niliiweka kwenye kitu ninachokivua. Sasa imerekebishwa. Itafute."

"Nini?"

"Bastola. Ninayo. Ulisema unione nimeinama nayo, haya, nimeinama. Zunguka utakavyo."

Garland alizunguka. Alitazama kiuno, mgongo, vifundo vya miguu, kwapa. Alitazama mfuko wa aproni, ukiwa na kisu tu. Fundi wa Altus naye akazunguka, kwa heshima ya umbali kidogo. Dovie alikata msumari, akabadilisha mguu, akainama upande mwingine.

"Iko kwenye gari," Garland alisema.

Dovie aliuachia mguu wa farasi, akasimama, akamgeuzia kaka yake kisogo, akauelekea ukuta wa matofali. Mkono mmoja ulipandisha shati, mwingine ukaingia na kutoka, na bastola ikawa imeelekea ukutani kabla Garland hajafunga mdomo. Akairudisha taratibu, akitazama inapoingia, akashusha shati.

"Ehe," alisema fundi wa Altus. "Mke wangu angependa kujua hiyo inauzwa wapi."

"Garland?" Dovie aliuliza.

Garland alivaa kofia. "Jumatatu una farasi wengine sita kwa Penninger," alisema. "Na wale wa kule mpakani wamepiga simu tena. Nimewaambia unakuja."

Lonnie Kroll alilipishwa faini, akapewa amri ya mahakama ya kutomkaribia Dovie, na kabla ya majira ya baridi akahamia Kansas, ambako anapaka rangi maghala ya ngano. Sherifu hakuchaguliwa tena, kwa sababu nyingine. Penninger aliuza farasi wote isipokuwa wawili. Dume la rangi ya mchanga lilinunuliwa na msichana wa sekondari anayeshindana kukamata ndama kwa kamba. Bi Oleta alibadilishwa goti moja, akakataa la pili. Hershel alikufa amelala. Fundi wa Altus alipata kazi kwenye mashindano ya mbio na hakurudi upande ule. Garland bado ana duka. Dovie bado anakwenda ranchi za mbali, na mwaka jana alinunua mkanda mwingine, kwa kuwa lastiki ya ule wa kwanza ililegea.